Chambo chepesi hakirushwi? Nani kasema!

Najua mmeuliza nimepotelea wapi, na mmoja wenu alidhani mhariri wangu amenifunga mdomo. Hapana. Nilikuwa uwanjani. Si uwanja wa siasa, ni uwanja wa mpira wa shule moja ya msingi hapa Mwanza, kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikirusha kipande cha plastiki chenye uzito wa gramu tano, kisha nikikaa chini dakika ishirini kufumua uzi. Watoto waliokuwa wakipita kwenda darasani walinipa jina. Kila uzi uliposokotana kwenye mashine walipiga kelele: "Rasta! Rasta limeota!" Nami nilicheka nao siku tatu za kwanza. Siku ya nne sikucheka.

Nazungumzia rili ya kuvulia samaki inayoitwa baitikasta. Kwa wasioijua, rili za kuvulia kwa fimbo ziko za aina nyingi lakini mbili ndizo kubwa. Ile ya kawaida, mnayoiona kwa watalii, spuli yake imetulia tu na uzi unachomoka kwa mbele kama unavyochomoka kwenye kigurudumu cha uzi ulichokisimamisha mezani. Baitikasta ni kitu kingine. Spuli yenyewe inazunguka. Ukirusha, chambo kinavuta uzi, uzi unavuta spuli, spuli inazunguka. Shida inaanza pale chambo kinapopunguza mwendo kwa sababu ya hewa au kinapogonga maji. Chambo kimesimama, spuli haina habari. Inaendelea kuzunguka na kutoa uzi usio na pa kwenda. Kufumba na kufumbua, rasta.

Sasa ongeza neno "chepesi". Chukua mkokoteni uliojaa mifuko ya saruji, mfunge mtoto wa darasa la pili kamba aukokote. Kwanza hauendi. Ukishaanza kwenda, hausimami. Hivyo ndivyo gramu tano zinavyohangaika na spuli nzito, na hivyo ndivyo nilivyohangaika mimi.

Mtaniuliza, wewe mwandishi wa habari, unatafuta nini huko? Nitajibu, na jibu lenyewe ni refu kidogo.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Sangara wa Ziwa Victoria ndio walionilipia ada. (Samaki huyu si wa asili ya ziwa letu, aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kelele juu yake hazijaisha mpaka leo, lakini mimi siwezi kumsema vibaya kwa raha wakati ndiye aliyeninunulia madaftari.) Baba hakutaka niguse maji. Kila nilipoomba kwenda naye mwaloni alisema, soma kwanza, usije ukanuka samaki. Nikasoma. Nikapata shahada, nikapata kazi ya kuandika, na nimeandika habari za bei ya sangara, viwanda vya minofu na nyavu haramu zaidi ya mara ninazoweza kuzihesabu, bila kujua kumtoa hata samaki mmoja majini kwa mkono wangu. Baba alipofariki nilitambua kuwa kazi yake yote ilikuwa imeondoka naye, na kilichobaki kwangu ni vyeti. Mwaka uliopita binamu yangu aliyekuwa anahamia Dodoma aliniachia fimbo na rili ya zamani ambayo alipewa na mgeni mmoja. Jina la kampuni nalihifadhi. Nikasema, basi, nianzie hapa.

Nikaanza kuuliza watu. Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipo.

Ushauri niliopewa ulikuwa wa aina tatu. Kundi la kwanza likasema baitikasta si ya chambo chepesi, tia gramu 15 au 20 usitusumbue. La pili likasema uza hiyo, nunua mpya ya bei kubwa. Hawa wote wawili sina ugomvi nao mkubwa, nitawarudia. Ugomvi wangu ni na kundi la tatu, ambalo linasikika kama lina busara kuliko yote: "Mazoezi tu kijana. Kidole chako gumba hakijafunzwa." Niliwaamini kwa wiki tatu. Nilirusha mpaka ngozi ya kidole ikabanduka. Nilisoma kitabu cha maelekezo mara nyingi kuliko nilivyosoma kwa mtihani wa mwisho chuoni. Rasta zikaendelea kuota.

Jamani, mazoezi ni kitu kizuri. Lakini kumwambia mwanafunzi "fanya mazoezi" kabla hujakagua kifaa alichoshika ni uvivu wa mwalimu. Nimeuona uvivu huo shuleni, nimeuona chuoni, na nimeuona kwenye chumba cha habari ambako kijana anapewa kinasa sauti kibovu halafu anaulizwa kwa nini hajui kunukuu.

Aliyenitoa huko ni baba mdogo. Alikuja mjini kwa ajili ya matibabu ya macho, akanikuta nyuma ya nyumba nimekaa juu ya ndoo nafumua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sweta unamfumia nani?"

Nikamweleza. Akaichukua rili, akaizungusha spuli kwa kidole huku akiisikiliza sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Hakusema lolote kuhusu kidole changu. Akauliza maswali mawili. Hiki kigurudumu kina uzito gani? Na hicho kidude unachorusha kina uzito gani? Sikuwa na jibu la hata moja. Nina shahada, nimerusha kitu wiki tatu, sijui kina uzito gani!

Mji huu una bahati moja, mizani ya dhahabu ipo. Tulikwenda kwa sonara mmoja, akacheka lakini akatupimia. Chambo: gramu 5.2. Spuli pamoja na uzi wake: gramu 37. Tulipoutoa uzi wote, spuli peke yake ilikuwa gramu 24. Yaani nilikuwa nimebeba gramu 13 za uzi mnene wa milimita 0.35, zaidi ya mita mia, wakati mrusho wangu bora kabisa haukuzidi hatua kumi na mbili. Ule uzi wote wa chini ulikuwa abiria asiyelipa nauli, na kila nikirusha, gramu tano zilitakiwa zimzungushe na yeye.

Kwa kulinganisha tu, rili za kisasa zilizotengenezwa mahsusi kwa chambo chepesi zina spuli zisizofika gramu 10. Hizo zimekuzwa zaidi na Wajapani. Samaki anayeitwa besi, mwenye asili ya Marekani, alipelekwa Japani mwaka 1925 katika Ziwa Ashi, akaenea, na wavuvi wakawa wengi kiasi kwamba samaki wakawa wajanja na kukataa chambo kikubwa. Ikabidi chambo kipungue, na spuli nayo ipungue ili iweze kukirusha. Kwa hiyo wale wa kundi la kwanza, wanaosema baitikasta hairushi chambo chepesi, wamepitwa na wakati. Na wale wa kundi la pili wana ukweli ndani yake, ila ukweli wao una bei ambayo mshahara wangu hauufikii. Tuliobaki tufanye nini?

Baba mdogo alifanya hivi. Kwanza alikataa nipunguze uzi tu na kuacha spuli tupu. Ukiacha uzi kidogo chini kabisa, mzingo wake unakuwa mdogo, na spuli inalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kutoa urefu ule ule. Unakuwa umepunguza mzigo na kuongeza mbio. Akasema pajazwe na kitu chepesi chini, uzi ukae juu. Wavuvi wetu wanajua kitu chepesi ni nini: ndala kuukuu. Ndizo maboya ya watu wengi ziwani. Akakata ukanda wa ndala, akauzungushia. Ukafaa siku moja, siku ya pili ukabonyea kwa kubanwa na uzi. Tukatafuta kizibo cha chupa ya mvinyo, tukakipasua katikati, tukakichonga kikakaa kama pete. Juu yake mita 50 za uzi wa milimita 0.25. Tulirudi kwa sonara. Gramu 28.

Pili, beringi. Zilikuwa zimejaa grisi ya miaka. Grisi ni nzuri kwa kitu kinachobeba mzigo, lakini kwenye beringi za spuli inashika kama ugali wa jana. Tukazichovya kwenye petroli, tukazikausha, tukatia tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Tofauti yake niliisikia kwa sikio kabla sijairusha.

Tatu, fimbo. Shingoni mwake pameandikwa gramu 7 hadi 28. Nilikuwa nimeyaona maandishi hayo kila siku! Chambo cha gramu tano hakiwezi kuikunja fimbo hiyo, na fimbo isiyokunjika hairushi, anayerusha ni wewe kwa nguvu za bega. Nguvu za bega ni msukosuko, na msukosuko ndio mama wa rasta, kwa sababu spuli inashtuka kuliko uzi unavyoweza kuondoka. Nilipata fimbo ya mtumba ya faiba, laini, inayokunjika mpaka karibu na mpini. Fimbo laini inajikunja polepole na kujikunjua polepole, inamsukuma chambo badala ya kumpiga kofi.

Nne, na hapa ndipo nilipokuwa nimedanganywa kabisa, ile skrubu ya pembeni inayokaza ekseli ya spuli. Kila mtu anamwambia anayeanza aikaze mpaka chambo kishuke polepole kikiachiwa. Ni ushauri mzuri kwa siku ya kwanza na kwa chambo kizito. Lakini skrubu hiyo inabana mwanzo, inabana katikati, inabana mwisho, haina huruma. Chambo chepesi hakina nguvu za kulipa kodi hiyo njia nzima. Ilegeze mpaka spuli iache tu kucheza kushoto na kulia, kisha kazi ya kuzuia iache kwa breki. Rili yangu ina breki za vipande viwili vinavyotupwa nje spuli inapokimbia na kusugua ukingo. Vinabana sana mwanzoni mwendo unapokuwa mkali, kisha vinaachia. Rili nyingine zina sumaku, ambazo hata haziigusi spuli. Aluminiamu ikizunguka karibu na sumaku inazalisha umeme ndani yake, na umeme huo unaivuta nyuma, kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyovutwa. Binafsi ningechagua sumaku kwa chambo chepesi, maana unaweza kuirekebisha kwa nje kidogo kidogo. Lakini mtu anakula alichonacho.

Baada ya hayo yote ndipo tukafika kwenye kidole.

Nilimpa baba mdogo fimbo uwanjani. Hajawahi kushika baitikasta maishani. Mrusho wa kwanza, rasta. Wa pili, rasta dogo. Wa sita hivi, chambo kiliondoka chini chini kwa pembeni, kikaenda kama hatua ishirini, kikatua, na spuli ikasimama wakati ule ule. Ndani ya nusu saa alikuwa anakilenga kiatu changu nilichokiweka kwenye nyasi. Darasa la saba, macho mabovu, nusu saa.

Nilimwuliza anafanyaje. Akasema, "Wewe unaangalia mashine. Mimi naangalia chambo. Uzi nausikia huku." Akanionesha kidole gumba. Miaka arobaini ya kuachia mshipi uteremke majini huku ukipita kwenye kidole, kujua umegusa mwamba au umeguswa na samaki, ilikuwa imeshamfundisha somo ambalo mimi nililitafuta kwenye maandishi. Kidole hakiishiki spuli, kinaigusa juu juu, kama unavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Uzi ukianza kuinuka kwenye spuli unausikia kwenye ngozi kabla macho hayajaona. Na chambo kinapokaribia maji, kabla hakijagusa, unakandamiza.

Kwa hiyo wale wa kundi la tatu, wa "mazoezi tu", hawakusema uongo. Walitanguliza la mwisho. Mkono unafundishika ukiwa umeshika kitu kinachofundishika.

Hata waanzilishi walijua. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Paris, mji mdogo wa jimbo la Kentucky, Marekani, fundi saa aliyeitwa George Snyder alitengeneza rili ambayo mpini ukizunguka mara moja spuli inazunguka mara kadhaa. Breki za kisasa hazikuwepo, kidole gumba ndicho kilikuwa breki. ABU ya Sweden, iliyoanza mwaka 1921 kwa kutengeneza saa, ndiyo iliyokuja kuuza duniani kote rili zake za Ambassadeur zenye breki za kutupwa nje, kuanzia miaka ya 1950. Ona, mafundi saa tupu. Watu waliozoea kuhesabu uzito wa kigurudumu kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemwambia mteja afanye mazoezi bila kwanza kufungua kifuniko.

Najua kuna atakayesema: mbona usitumie rili ya kawaida tu, inarusha gramu tano hata mtoto akiishika? Swali halali. Na nikiri, chini ya gramu tatu mimi mwenyewe nitatumia ya kawaida, sina sababu ya kujitesa. Lakini hapa kwetu ufukwe ni mawe. Sangara wadogo wanakaa kwenye nyufa za majabali wakiwinda furu na uduvi, na mlango wa kurushia chambo wakati mwingine hauzidi upana wa sinia. Ukipitiliza umenasa. Kwa baitikasta unakikanyagia chambo breki kwa kidole kikiwa angani na kukitua unapotaka. Na kwa nini kiwe kidogo? Kwa sababu anachokula samaki wa ukubwa huo ni kidogo. Chambo cha urefu wa dagaa hakiwezi kuwa na gramu 20 bila kuzama kama jiwe.

Dokezo moja la bure kwa anayetaka kujaribu Mwanza: nenda alfajiri. Usiku na asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unakusukumia chambo. Mchana unageuka, unatoka ziwani na kukupiga usoni, na chambo chepesi dhidi ya upepo ni rasta ya uhakika hata kwa fundi. Na ukishapata mrusho wako mrefu kabisa, vuta uzi wa hatua tano zaidi, bandika kipande cha plasta juu ya spuli, kisha zungusha uzi juu yake. Rasta likiota haliwezi kupita hapo. Likiota, usikimbilie kuvuta. Kandamiza spuli kwa kidole kwa nguvu, zungusha mpini mara mbili tatu, kisha vuta taratibu. Mara nyingi linafumuka lenyewe. Laiti ningelijua hili wiki ya kwanza ningekuwa nimeandika makala nne.

Jumamosi iliyopita tulikwenda wawili kwenye mawe kabla ya jua. Baba mdogo alikaa na mshipi wake, mimi na mashine yangu. Nilirusha kama mara thelathini, rasta mbili tu. Kisha chambo kilitua kando ya jiwe, nikazungusha mpini mara mbili, na fimbo ikainama. Sitawaeleza nilivyohisi, mtasema mwandishi ameanza kulia. Alikuwa sangara. Nilimpima kwa utepe niliokuwa nao mfukoni: sentimeta 31. Kanuni za uvuvi hazimtaki sangara wa chini ya sentimeta 50 atolewe majini, na mimi ndiye niliyewahi kuandika ukurasa mzima kuwalaumu wanaouza wadogo. Nikamtoa ndoana, nikamrudisha.

Baba mdogo alinitazama muda mrefu.

"Miezi yote hii unajifunza kurusha," akasema, "kumbe na samaki utamrusha."

Kisha akanyamaza, akavuta mshipi wake kidogo, akauachia. Baadaye, tukiwa njiani kurudi, akasema marehemu kaka yake angecheka mpaka akae chini. Sikumwuliza angecheka kwa sababu ipi.

Anarudi kijijini Alhamisi na ameomba nimwazime rili kwa wiki moja, ombi ambalo nalifikiria kwa wasiwasi mkubwa. Kama kuna msomaji mwenye spuli nyepesi ameiweka kabatini haitumii, au hata kizibo kizuri, anijulishe. Vizibo nimebakiwa na nusu, na rasta la jana bado sijalifumua.